Funga, Nami Nitaangalia Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niangalie nje ya dirisha, na tangu hapo ni kama sijaacha.

Nilikuwa nimetoka Machakos asubuhi hiyo hiyo, cheti cha kupiga chapa kikiwa kwenye bahasha ya kaki, viatu vya dada yangu vikinibana vidole. Ofisi ilikuwa orofa ya nne, katikati ya jiji. Ulikuwa msimu wa jakaranda. Barabara yote chini ilikuwa imetandikwa maua ya zambarau, na magari yalipita juu yake taratibu kana kwamba yameambiwa kuna mtoto amelala. Karani Mkuu, mzee mwembamba wa suti ya kijivu, alinionyesha taipureta yangu, meza yangu, na msumari wa kutundikia koti ambalo sikuwa nalo. Kisha akaliendea kabati la chuma la faili za siri, akashika kile kitasa cha kuzungusha chenye nambari, akasita.

"Binti," akasema, "mwenye kabati akifungua, wewe unaangalia wapi?"

"Sijui, mzee."

"Unaangalia dirishani. Si sakafuni, sakafuni ni kujifanya. Si ukutani, ukutani ni kununa. Dirishani. Mtu anayeangalia dirishani ana shughuli zake."

Nikageuka, nikayaangalia maua. Nyuma yangu kitasa kikaanza kulia, tik, tik, tik, kikapumzika, kikarudi upande wa pili. Sikuona kitu. Lakini nilisikia, na bila kutaka nilihesabu.

Hapo inabidi niwaeleze nyinyi vijana mnaofungua simu kwa kuionyesha uso. Sisi tulifundishwa kupiga chapa mikono ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Jicho halikuwa na kazi. Kazi ilikuwa ya vidole na masikio. Mwalimu wetu alikaa mbele na kikombe cha chai, na ukikosea kibonye katikati ya wanafunzi ishirini alikutaja jina bila kuinua kichwa. Mpiga chapa wa zamani anasikia kidole kizito na kidole chepesi. Anasikia ule ubao mrefu wa kuachia nafasi, ambao hulia kwa sauti yake ya peke yake, kama kiti cha zamani kikikaliwa. Sikio likishafunzwa hivyo halifundishiki vinginevyo. Nilikaa na Karani Mkuu miaka sita, na mizunguko ya kabati lake niliijua kama wimbo wa kanisani, wala sikumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote. Kitasa chenyewe sikukigusa.

Kompyuta zilipoingia, wenzangu wengi waliziogopa. Mimi nilizipenda kwa sababu ya ukimya wake. Vibonye vilikuwa laini, herufi zilijitokeza kwenye kioo bila kishindo, na nilihisi kama ninaandika ndotoni. Nikaenda kozi jioni, na baada ya muda nikapata kazi Upper Hill, orofa ya tisa ya jengo la kampuni ya bima. Kutoka pale ukungu wa asubuhi ulipokuwa haujainuka uliona tu vichwa vya majengo mengine vikielea, na chini mahali fulani kelele za jiji ambalo huamini kama lipo.

Msimamizi wangu pale aliitwa na wote Mkuu wa Kitengo. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mkali kama pilipili kichaa. Wiki ya kwanza alinikuta nimeacha folda moja wazi kwenye kioo nikaenda kunywa chai. Folda, kwa asiyejua, ni ule mfuko ndani ya kompyuta unaowekewa mafaili.

"Mbithe, kuja hapa," aliniita mbele ya watu. "Hii ni nini?"

"Ni folda ya madai ya wagonjwa, Madam."

"Hapana. Hii ni watu wamelala kitandani. Nani ana sukari, nani amefanyiwa upasuaji wa nini. Ukiacha hii wazi, umeacha mlango wa wodi wazi na watu wako uchi ndani. Umeelewa?"

Nilielewa hadi machozi yakanitoka, na kuanzia siku ile kazi yangu ikawa kufunga milango.

Yeye ndiye aliyenifundisha tofauti ambazo watu mpaka leo wanazichanganya. Kuificha folda si kuifunga. Ni kuweka kanga juu ya sufuria, na mwenye njaa atafunua. Unaweza kuweka nenosiri kwenye faili moja moja, barua hii au jedwali lile, na hilo linafaa kwa kitu cha kutumiana. Unaweza kuyakusanya mafaili, ukayabana yawe furushi moja, ukalifunga furushi lote kwa nenosiri moja. Na ipo njia ya nne, ya ndani zaidi, inayoitwa kusimba: kompyuta inayavuruga maandishi yenyewe hata mtu akiichomoa diski na kuipeleka kwingine asome matope matupu. Mashine nilizozishika mimi, folda ikisimbwa namna hiyo, majina ya mafaili yaligeuka rangi ya kijani. Niliyapenda yale majina ya kijani. Yalikaa pale kama majani baada ya mvua, mwenyewe akiingia kwa nenosiri lake yanafunguka bila kuulizwa chochote, na mtu mwingine akiyagusa yananyamaza.

"Lakini kumbuka," Mkuu wa Kitengo aliniambia, "kufuli haimjui mwizi. Inajua tu mwenye ufunguo na asiye na ufunguo. Mwenyewe akisahau, yeye pia ni mwizi."

Hilo tulilishuhudia. Meneja mmoja alifunga ripoti yake, na asubuhi yake nenosiri lilikataa. Aliapa kwamba anaandika lile lile. Siku mbili alizunguka ofisini tai ikiwa begani kama aliyefiwa. Siku ya tatu nilimwomba anieleze alikuwa ameketi vipi, akaeleza, na nikakumbuka kwamba jioni ile taa ndogo ya herufi kubwa ilikuwa inawaka kwenye kibodi yake. Tukaiwasha, akaandika, ripoti ikafunguka. Alinishika mikono miwili akanishukuru kama nimemfufulia mtu.

Kutokana na mambo kama hayo tukaanzisha desturi ya bahasha. Mwenye folda anaandika nenosiri lake kwa mkono kwenye karatasi, anatia kwenye bahasha, anaifunga, anatia sahihi juu ya mfuniko ili ikifunguliwa ijulikane. Bahasha inakaa kwenye kabati la chuma. Na wakati anaandika, na wakati analiingiza kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, mimi nageukia dirisha. Vijana wa kitengo walinicheka. "Madam Mbithe, si ungeangalia tu simu?" Nikawaambia simu ina macho, dirisha halina.

Lakini masikio, jamani, yaliendelea. Kwenye kibodi kila mtu ana mdundo wake. Nilijua ni nani ana vibonye sita na nani ana kumi, nani anatumia nafasi katikati, nani anasita kabla ya herufi ya mwisho kila siku kama anayeuogopa mlango wake mwenyewe. Nilijua idadi, herufi sikuzijua. Niliona ni siri ndogo isiyomdhuru mtu. Hata hivyo niliionea aibu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Westlands, ofisi ya mawakili iliyokuwa imehamia kwenye jengo jipya la vioo. Wakili Mkuu alinichukua nimtunzie kompyuta na siri za wateja. Dirisha langu lilitazama jua linapotua, na jioni vioo vya majengo yote vilishika moto mmoja mtulivu huku foleni ya magari ikilala chini kama nyoka aliyeshiba. Meza iliyokabiliana na yangu ilikuwa ya Ustadh Omari.

Ustadh alikuwa karani wa faili za ardhi, mtu wa Lamu, kofia safi, kanzu siku za Ijumaa, na jioni alifundisha madrasa mjini. Alikuwa na heshima ya zamani, ile ya kukuuliza habari za nyumbani mpaka ukaishiwa na habari. Kwenye kibodi alitumia vidole viwili tu, vya shahada, kama kuku wawili wanaodonoa sinia moja. Wa kulia alikuwa mzito, wa kushoto mwepesi. Mke wake alikuwa amefariki muda si mrefu kabla sijafika, akamwachia binti mmoja, Salma, aliyekuwa darasa la nne.

Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, akafungua kompyuta yake mwenyewe ya kubeba, akaniita.

"Bi Mbithe, kuna folda humu nataka uifunge. Isichunguliwe na mtu."

"Ina nini, Ustadh? Siulizi maneno, nauliza uzito, nijue kufuli la kutia."

Alizungusha tasbihi kidogo. "Ina mambo ya Salma. Kila Ijumaa namwandikia ukurasa mmoja. Mambo ya moyoni, baba kumwambia binti yake, ulimi huwa mzito. Vidole havina haya. Siku ya harusi yake nitampa zote, inshallah. Kabla ya hapo hapana."

Nikampa kufuli la ndani kabisa, lile la kusimba. Pembeni nikajiwekea mlango wa msimamizi wa mashine, wenye nenosiri langu, kama tulivyofanya kwa kila mashine, ili siku ya dharura mtu aweze kuingia. Nikamweleza aweke nenosiri lake la kuingilia, kisha nikageukia dirisha. Nyuma yangu kuku wale wawili wakadonoa: vibonye vinne, ubao wa nafasi, vibonye saba.

"Bi Mbithe," akasema nikiwa bado nimempa mgongo, "macho umegeuza. Na masikio je?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza. "Masikio hayageuki, Ustadh," nikamwambia kweli.

Alicheka hadi kofia ikasogea. Akaligusa sikio lake kwa kidole. "Basi yaliyokwisha kuingia nimekusamehe."

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, kwa miaka tuliyokaa meza zinazotazamana, niliusikia mdundo ule. Nne, nafasi, saba. Halafu ukurasa mmoja, polepole, na kikohozi kidogo mwishoni. Ulikuwa kengele yangu ya mwisho wa wiki.

Nilipostaafu, Wakili Mkuu alinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Desturi ya bahasha nilihamia nayo Westlands, kwa hiyo nilizirudisha bahasha za watu binafsi kwa wenyewe, mmoja mmoja. Ustadh alipokea yake akaichana vipande vinne papo hapo.

"Karatasi huliwa na mende," akasema, akigusa paji la uso. "Hili limo humu. Humu hakuna mende."

Nikahamia Ngara, orofa ya tatu, juu ya maduka ya jumla, ambako asubuhi unaamshwa na mabunda ya nguo yakitupwa kutoka kwenye mikokoteni. Ustadh naye alikuwa akiishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Tulionana sokoni, tukaulizana habari mpaka zikaisha. Sikuwa na kazi, na nitasema ukweli, niliumia. Nilikaa dirishani nikiangalia nje, lakini nyuma yangu hakukuwa na mtu anayefungua chochote.

Kisha Ustadh akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukaenda nao.

Salma alikuja kwangu Jumamosi moja asubuhi, msichana mrefu sasa, mwalimu wa chekechea, amebeba kompyuta ya babake ndani ya leso kama anayebeba mtoto.

"Shikamoo Anti. Samahani nimekuja bila kupiga simu. Baba anaangalia hii laptop tu. Tukiitoa mezani analia. Na password hakuna anayejua, tumejaribu zote, hata tarehe za kuzaliwa. Harusi yangu ni Jumamosi ijayo. Naona kuna kitu anataka kunipa, Anti, na hawezi kusema ni nini."

Nilijua ni nini. Sikumwambia, maana haikuwa yangu kusema. Lakini nilijihisi mtu tena. Vidole viliwasha. "Keti," nikamwambia, "hii naijua, ni dakika tano."

Nikapita ule mlango wa msimamizi nilioujenga mwenyewe. Nikalifuta nenosiri la Ustadh kwa nguvu ya msimamizi, nikamwekea jipya, nikaingia. Salma akapiga makofi ya furaha. Folda ilikuwa pale, na ndani yake majina ya kijani, Ijumaa juu ya Ijumaa, safu isiyoonekana mwisho. Nikabonyeza ya kwanza. Ikakataa. Nikabonyeza ya pili. Ikakataa. Ya kumi. Ikakataa.

Nikaondoa mkono kwenye vibonye, kwa sababu nililikumbuka lile nililowafundisha vijana miaka na miaka. Kufuli la namna ile halishikwi na mashine, linashikwa na nenosiri lenyewe la zamani. Mwenyewe akilibadilisha akiwa ndani, kufuli linamfuata. Msimamizi akilifuta kutoka nje kwa nguvu, kufuli linabaki na la zamani, na la zamani hakuna tena anayeliuliza. Ningelirudisha vilevile, herufi kwa herufi, lingefunguka. Lakini lilikuwa ndani ya kichwa kisicho na mende, na kichwa kile hakikuwa na ulimi.

"Imekataa kwa sababu gani?" Salma akauliza.

Ningeweza kusema kompyuta imezeeka. Angeamini. Ulimi wangu ulikwisha kuanza.

"Kwa sababu yangu," nikasema. "Nimefanya haraka. Nimefanya kosa ambalo nilikuwa nawafokea watu kwalo."

"Anti, si ulisema unajua?"

Nilisema hivyo, kweli. Hakuna aliyewahi kunitukana neno zito kama lile, na alilisema kwa heshima. Akaifunga mashine ndani ya leso, akaondoka.

Siku zile sikula vizuri. Nilijichukia, niseme wazi. Miaka karibu arubaini ya kugeukia dirisha, halafu siku moja ya majivuno. Alhamisi nilikaa napukuchua mahindi ya isyo, chakula chetu Wakamba cha mahindi na maharagwe, punje zikidondoka ndani ya beseni la bati, mawazo yakielea huko Westlands kwenye jua la vioo. Punje nne zikaanguka. Nikasita. Saba zikafuata. Nikabaki nimeshika gunzi hewani.

Herufi sikuwa nazo. Lakini mdundo nilikuwa nao wote: kipi kilikuwa kizito na kipi chepesi, mahali gani palikuwa na pumzi. Na Ustadh alikuwa na mkono mmoja uliobaki.

Nikampigia Salma. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa nakuja."

"Anti, kesho ni hina."

"Hata iwe hina. Mkono wa baba yako unaijua Ijumaa."

Nilikwenda kwa miguu. Wanawake wa nyumba walikuwa chumba cha ndani, wakicheka. Ustadh alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kofia safi, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Salma aliketi mkekani kando yake, mikono yote miwili wazi hewani, hina mbichi kuanzia vidole hadi viwikoni. Nilimkuta amenuna bado, na alikuwa na haki.

Nikaweka kompyuta kwenye sinia, sinia mapajani mwa Ustadh, nikafungua ukurasa mtupu. "Ustadh," nikamwambia, "umetoka msikitini. Ni Ijumaa. Unataka kuandika."

Macho yake yakaja kwangu, yakaenda kwenye vibonye. Kidole cha kushoto kikainuka, kikabonyeza herufi moja. Kisha kikasimama hewani. Bega la kulia likatikisika kidogo, mkono ulio pajani haukutii. Akangoja. Akaanza kulia bila sauti.

"Anti, muache," Salma akasema. "Tafadhali muache."

Nami hapo nikaelewa. Kidole cha kushoto kilikuwa kinangoja mwenzake alie. Vilikuwa vimefanya kazi pamoja kila Ijumaa, na kimoja hakikujua zamu yake mpaka kimsikie mwingine. Nikafuta ile herufi. "Tena, Ustadh." Akabonyeza, na mahali pa kidole kizito mimi nikagonga sinia kwa kifundo changu, ko. Kushoto kikaenda. Ko, ko. Kushoto. Nikagonga ubao wa nafasi kwa kiganja, na hapo Ustadh akaniangalia kwa mshangao, kisha akaendelea haraka zaidi, yeye akibonyeza, mimi nikigonga, mpaka saba zikatimia na mkono wake ukashuka wenyewe.

Niliandika kwenye karatasi: herufi zake, na kijistari kila nilipogonga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika maisha yote ya kazi kuliangalia nenosiri la mtu. Sikuelewa kitu. Nikamwonyesha Salma.

Alisoma, midomo ikicheza. "Ni mama," akasema. "Ni vile mama alikuwa akiniita. Nikiwa mdogo sana. Hakuna mtu ameniita hivyo tangu afariki." Akataka kujifuta machozi, akakumbuka hina, akayaacha yateremke. Kwa sauti ya chini akanitajia herufi zilizokosekana. Neno lenyewe halitaandikwa hapa.

Nikapita tena mlango wa msimamizi, nikarudisha nenosiri la zamani vilevile, nikatoka, nikaingia kama Ustadh. Nikabonyeza jina la kijani la kwanza kabisa. Likafunguka.

Nikageuza kioo kwa Salma, nikaenda dirishani. Chini yetu mtu alikuwa anafunga bunda la mapazia, na upepo ulikuwa unayajaza kila akiyakunja. Nyuma yangu Salma akaanza kusoma:

"Salma, leo asubuhi ulikataa nikusuke nywele. Ulisema mama alikuwa havuti hivyo. Umekwenda shule na kitambaa. Nimemuuliza jirani namna ya kushika kitana. Kesho nitavuta polepole."

Kisha nikasikia kitu nilichodhani ni kikohozi, kile kidogo cha mwisho wa ukurasa, na ndiyo, kilikuwa kikohozi cha Ustadh kile kile.

Walisoma mpaka alasiri. Hina ilipokauka na kupukutika, Salma aliniita.

"Anti, nisamehe nilivyokujibu ile siku."

"Ulinijibu sawa, mwanangu. Mzee naye hukosea, na akikosea hukosea kwa uzoefu."

Akacheka kwa mara ya kwanza. Nikamwambia kwamba nenosiri lile sasa ninalijua, na si haki nilijue. Folda sasa ni yake. Aweke lake, akiwa ndani, kwa utaratibu, na nakala aandike kwa mkono, atie kwenye bahasha, ampe yule anayemwamini kuliko wote. Ustadh akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayesikiliza darsa.

Sasa nawaambia wasomaji wangu vijana nilichojifunza, kisha ninyamaze. Fungeni mambo yenu. Kuna watu wamelala humo uchi. Tumieni neno refu. Usilifute la mtu kwa nguvu hata ukijiona bingwa. Lakini kabla hujafunga, jiulize atakayefungua ni nani siku wewe huna ulimi, kwa kuwa siku hiyo ipo. Mimi bahasha yangu iko tayari, nimeitia sahihi mfunikoni, na anayeishika anajijua.

Siku ile Salma akaivuta kompyuta aweke nenosiri lake. Nikageukia dirisha kama kawaida. Nikasikia kidole kinainuka, na nikakumbuka masikio. Nikatazama nyuma kidogo tu, kwa Ustadh, si kwa kioo. Alikuwa ananiangalia. Mkono wa kushoto ukapanda polepole hadi sikioni, akaligusa, na nusu ya uso wake iliyobaki hai ikatabasamu.

Basi nikaimba. Wimbo wa kwetu kanisani, kwa Kikamba, kwa sauti yote niliyo nayo, mpaka wanawake wa chumba cha ndani wakachungulia kuona kuna nini. Nikaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikiyaangalia mapazia yakijaa upepo kule chini, mpaka Salma akanigusa bega akasema amemaliza. Nenosiri hilo moja, kati ya yote yaliyowahi kuandikwa nyuma ya mgongo wangu, silijui hata idadi.